Namba ya Maji ni ya Nani?

Barabara ya Batha, katikati ya Riyadh, imejengwa juu ya bonde. Zamani hapo palikuwa na mkondo wa mchanga na changarawe uliopita nje ya mji wa kale na kushuka kusini kulitafuta bonde la Wadi Hanifa. Mvua ikinyesha ulijaa kwa saa chache, kisha ukakaa mkavu kwa miezi. Mji ulipotanuka mkondo ulifunikwa, maduka yakapanda juu yake, na siku hizi kila Ijumaa jioni hapo ndipo madereva, walinzi na wafanyakazi wa majumbani kutoka Mombasa, Tanga na Kampala wanapochangamana na Wabangladeshi, Wafilipino na Wasudani. Hununua simu, hutuma fedha nyumbani, hupiga soga bila kuangalia saa. Tangu Desemba 2024 mtu anaweza kufika hapo hata kwa metro.

Chini ya pilikapilika hizo kuna maji, na mengi yake hayakutoka mawinguni. Kwa miongo kadhaa sasa wahandisi wa Riyadh wamehangaika na jambo ambalo mgeni angedhani ni mzaha: mji wa jangwani ambao maji yake ya ardhini yanapanda. Maji ya bahari huondolewa chumvi Jubail, pwani ya Ghuba, kisha husukumwa kwenye mabomba zaidi ya kilomita 400 na kupandishwa kama mita 600 hadi mjini. Yakishafika, mengine huvuja njiani, mengine huzama kutoka kwenye makaro ya vyoo, mengine humwagiliwa bustani kupita kiasi, na yote hukusanyika chini ya misingi ya nyumba. Ukiyachota kwenye glasi na kuyainua juani huwezi kujua yamebeba nini. Pengine nitrati ya vyoo, pengine chumvi ya udongo, pengine oili ya gereji, pengine vyote kwa mkupuo.

Makala haya yanahusu namna ya kuyajua hayo, na zaidi, nani anastahili kuyajua.

Famasi za Batha, kama za Kariakoo au Eastleigh, huuza vipande vya kupimia sukari. Saudia ni nchi yenye wagonjwa wengi wa kisukari na vipande hivyo hutoka kama peremende. Wachache hufikiri kwamba kile kipande chembamba cha plastiki ni kihisi cha kemikali kilichochapwa kama gazeti hili. Wino wa kaboni na wino wa madini ya fedha hupitishwa kwenye wavu kwa kipangusio cha mpira, ufundi ule ule wanaoutumia vijana wanaochapa fulana za kampeni. Juu yake huwekwa kimeng'enya kinachoitambua glukosi. Tone la damu likigusa, mkondo mdogo wa umeme hupita, na kimashine hutafsiri mkondo huo kuwa namba. Biashara hii ilishika kasi kuanzia mwaka 1987, kilipotoka kifaa chenye umbo la kalamu kilichoitwa ExacTech, tunda la utafiti wa vyuo vya Oxford na Cranfield huko Uingereza. Pamoja na vipimo vingine vya nyumbani vya enzi hizo, kiliitoa namba ya sukari kwenye faili la daktari na kuiweka mfukoni mwa mgonjwa. Leo bibi wa Tandika anajua sukari yake ya alfajiri kabla daktari hajaamka, na kwa namba hiyo huamua kama atakunywa chai ya sukari au ya rangi tupu.

Udongo na maji havijapata bahati hiyo. Namba zake bado ziko kwenye faili. Sampuli huchukuliwa na ofisa, hupelekwa maabara, hukaa wiki, na majibu hurudi kwa ofisa yule yule. Mkulima, mama mwenye ndoo na mtunza bustani huambiwa tu kwamba maji ni salama, au hawaambiwi kitu.

Watafiti kadhaa wanajaribu kuubadilisha utaratibu huo kwa mashine za kuchapa. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi la Ana Arias limechapa vihisi vya nitrati kwa ajili ya udongo wa mashamba, na katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Joseph Andrews na wenzake wameelekea huko huko. Karibu zaidi na Batha kuna KAUST, chuo kikuu cha sayansi kilichopo Thuwal, pwani ya Bahari ya Shamu, kilomita 80 hivi kaskazini mwa Jeddah. Atif Shamim na wanafunzi wake walichapisha mwaka 2017 kazi juu ya vihisi vidogo visivyotumia waya, vilivyochapwa kwa mashine ya pande tatu, vya bei ya kutupwa, vinavyopima joto, unyevu na gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Walivikusudia visambazwe kwa wingi kwenye eneo kubwa ili vitoe taarifa ya moto wa msitu au uvujaji wa gesi viwandani. Chuo hicho hicho kina kundi la Khaled Salama linaloshughulikia vihisi vya unyevu wa udongo.

Hapa inabidi tuingie kidogo jikoni, maana bila kuelewa upishi ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kihisi cha nitrati hakitumii kimeng'enya. Elektrodi ya kaboni iliyochapwa hupakwa utando wa plastiki laini wenye kemikali inayopenda kushikana na ioni za nitrati kuliko nyingine. Pembeni huchapwa elektrodi ya pili, ya fedha na kloridi ya fedha, ambayo kazi yake ni kutulia tuli ili ile ya kwanza ilinganishwe nayo. Nitrati ikiongezeka mara kumi, tofauti ya volteji kati ya hizo mbili hubadilika kwa takriban milivolti 59, iwapo joto ni nyuzi 25. Nitrati kuongezeka mara kumi ni tofauti kati ya maji safi na maji ya kumdhuru mtoto mchanga, na yote imebanwa ndani ya milivolti 59! Kihisi kikiteleza kwa milivolti moja tu, namba yako imepotoka kwa asilimia 4 hivi. Kikiteleza kwa kumi, unaweza kumwambia mkulima asiweke mbolea shamba linalokufa njaa.

Sasa peleka kihisi hicho Riyadh. Udongo wa juu wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45, na kwa joto hilo zile milivolti 59 huwa 63, kwa hiyo kihisi kisichojua joto lake husema uongo kila adhuhuri na kutubu kila alfajiri. Mchanga ukikauka kabisa, utando haugusani na maji, na kihisi hakisomi chochote cha maana. Tatizo kubwa kuliko yote ni chumvi. Elektrodi ile ya kutulia imetengenezwa kwa kloridi, na ikizungukwa na kloridi nyingi ya udongo wa chumvi haitulii tena isipokuwa imefunikwa vizuri. Utando wa nitrati nao hudanganyika na kloridi ikizidi. Kihisi kilichofaulu katika shamba la Wisconsin, kwenye udongo wenye chumvi kidogo, hakina cheti cha kufaulu kwenye mashamba ya Al-Kharj, kusini ya Riyadh. Wala Bagamoyo, wala Kilifi.

Damu ilikuwa kazi rahisi. Ina chumvi isiyobadilika sana, na kipande hutumika mara moja kikatupwa. Udongo unadai kihisi kikae miezi, juani na matopeni, huku vijidudu vikikijengea ukoga. Ndiyo sababu tumesikia habari za vihisi vya udongo kwa miaka mingi na bado hatuvioni kwa muuza mbolea. Nasema hivi kwa kuwa wapo wauzaji wanaozunguka na vijiti vya chuma vya bei ndogo wakidai vinapima rutuba yote. Vingi vya vijiti hivyo hupima tu jinsi udongo unavyopitisha umeme, na umeme hupita kwenye chumvi kama unavyopita kwenye mbolea.

Hata hivyo, Riyadh inavihitaji vihisi hivi kuliko miji mingi. Machi 2019 ulitangazwa mradi wa Riyadh ya Kijani wa kupanda miti milioni 7.5 mjini, na mpango ni kwamba miti hiyo imwagiliwe kwa majitaka yaliyosafishwa, matumizi yakipanda kutoka mita za ujazo 90,000 kwa siku hadi zaidi ya milioni moja. Ni uamuzi wa busara. Nchi hii ilikwisha kulipa ada ya ujinga mwingine: kuanzia miaka ya 1980 ilipampu maji ya kale yaliyohifadhiwa chini ya miamba kwa maelfu ya miaka ili ilime ngano, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na mwaka 2008 serikali ikaamua kuachana na kilimo hicho hatua kwa hatua hadi 2016 kwa kuwa visima vilikuwa vinazama. Kutumia majitaka mara ya pili ni bora mara elfu. Lakini majitaka yaliyosafishwa yana chumvi kuliko maji ya bomba, na yana nitrati. Jangwani maji hupaa hewani na kuacha chumvi kwenye mizizi, msimu baada ya msimu. Mti hauanguki siku moja. Majani huungua pembeni, kisha matawi. Anayeona kwanza ni mtunza bustani, Mbangladeshi au Mganda, ambaye hakuna anayemuuliza.

Mfano mzuri uko jirani. Wadi Hanifa, bonde la kilomita 120 ambalo Batha hulimwagia maji yake, lilikuwa jalala na mfereji wa majitaka kwa miaka mingi. Mamlaka ya maendeleo ya Riyadh ililisafisha na kulijengea mfumo wa kusafisha maji kwa viumbe hai, kuanzia vijidudu na mwani hadi samaki jamii ya perege, na mwaka 2010 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Leo familia hukaa kingoni na kuchoma nyama. Ningependa kuona pale, kando ya kila sehemu ya kupumzikia, kibao kinachoonyesha oksijeni na nitrati ya asubuhi hiyo, kwa Kiarabu, Kiurdu, Kibangla na, kwa nini tusiombe, Kiswahili. Watoto huchezea maji hayo.

Jeddah ina kisa kinachouma zaidi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mji haikuwa na mabomba ya majitaka. Makaro yakijaa, maboza yalifyonza na kwenda kumwaga bondeni mashariki ya mji, likazaliwa ziwa ambalo watu waliliita Ziwa la Miski, kejeli ambayo pua ya yeyote aliyelikaribia iliielewa. Tarehe 25 Novemba 2009, siku mahujaji walipokuwa wakielekea Mina, mvua kubwa iliishukia Jeddah. Mabonde yaliyojengwa nyumba yakadai njia yake. Zaidi ya watu 100 walikufa, mtaa wa Quwaizah ukiumia sana, na kwa siku kadhaa mji mzima uliishi kwa hofu kwamba bwawa la Ziwa la Miski lingepasuka na kuwafunika walionusurika. Miezi iliyofuata lilikaushwa kwa amri ya mfalme.

Miezi miwili tu kabla ya gharika hiyo, tarehe 23 Septemba 2009, KAUST ilikuwa imefunguliwa kwa shangwe pwani ile ile. Siwalaumu wanasayansi, chuo cha miezi miwili hakiwezi kuzuia mafuriko. Ila kukaa kwa karibu kwa vitu hivi viwili kunatosha kutuonyesha kwamba maarifa yanaweza kuishi kilomita 80 kutoka kwenye majitaka na yasikutane. Kila mwenye pua Jeddah alijua kwamba ziwa lile ni hatari. Kilichokosekana ni namba ya kila siku, iliyo wazi kwa wote, ya kina na ya uchafu, ambayo ofisa asingeweza kuikunja na kuiweka mtotoni mwa meza.

Kwetu Afrika Mashariki tumeulipia ukosefu huo kwa miili. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi kwenye udongo na hewa ya mtaa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe amepata sumu, akaanza kudai watu wapimwe, akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Fikiria mpangilio wake: damu ya watoto ndiyo iliyotangulia kupimwa, udongo ukafuata. Na risasi ni moja ya vitu ambavyo elektrodi zilizochapwa huvipima vizuri sana. Umeme hutumika kuikusanya risasi juu ya kipande, kisha kuing'oa, na kiasi kinachong'oka husomeka hata kikiwa kidogo mno. Mbinu hii ilijulikana kabla kiwanda kile hakijawasha tanuri.

Au chukua Mto Mara, Machi 2022. Maji yaligeuka meusi upande wa Tanzania, samaki wakaelea. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaja na jibu la kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, na wananchi wengi wakacheka kwa uchungu, wakiukumbuka mwaka 2009 na malalamiko ya uchafuzi wa Mto Tigithe karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Huenda kamati ilikuwa sahihi kabisa. Kinyesi kingi na mimea inayooza hula oksijeni ya maji, na samaki hufa. Lakini kamati huja baada ya samaki kufa, na mto hauwezi kurudishwa nyuma ukapimwe jana yake. Kungekuwa na vihisi vya oksijeni na amonia vimefungwa kwenye madaraja tangu kiangazi, namba zake zikisomwa na kijiji na mgodi na wizara kwa wakati mmoja, mjadala ungekuwa juu ya grafu na mwenye kosa angekosa pa kujificha. Kama hakuna mwenye kosa, hata hilo lingeaminika.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Urahisi wa bei ya kihisi kilichochapwa hauna maana kama namba inaendelea kwenda kwa mwenye bomba, mwenye mgodi au mwenye mradi peke yake. Faida yake ya pekee ni kwamba kinaweza kumilikiwa na anayekunywa. Serikali ikinunua vihisi 10,000 na kuvifungia kwenye mfumo wenye nywila, imenunua faili lingine.

Najua jibu la wataalamu: mwananchi na kihisi cha bei poa ataleta taharuki kwa namba potofu. Ni hoja nzito, na nimeeleza juu hapo jinsi namba inavyoweza kupotoka. Lakini dawa yake tunayo tayari sokoni. Wakala wa Vipimo huzunguka na mawe yake kuhakiki mizani ya muuza nyama, na hakuna anayesema kwamba mizani iondolewe buchani kwa kuwa baadhi huiba. Kila ofisi ya bonde la maji iweke chupa za maji yenye kiasi kinachojulikana cha nitrati, chumvi na risasi, mwananchi aje achovye kihisi chake, aone kinasema kweli kiasi gani, agongewe muhuri wa tarehe. Gharama ya chupa hizo ni ndogo kuliko posho ya kamati moja. Na sheria itamke kwamba usomaji wa kihisi chenye muhuri unatosha kumlazimisha ofisa kuja kuchukua sampuli ndani ya siku kadhaa. Haitakuwa hukumu, itakuwa wito.

Wala kihisi kilichochapwa hakitatatua kila kitu. Maji ya Arusha, Meru na Hai yana floridi inayotia meno kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita vijijini, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Elektrodi inayoaminika ya floridi hutumia fuwele ya floridi ya lanthanamu, na fuwele haichapwi kwa wino kirahisi. Anayekuambia ana karatasi ya kuchapwa itakayomaliza tatizo la floridi mwakani, mwombe akuonyeshe ilivyofanya kazi kwenye kisima cha Ngurdoto, huko huko Arusha, msimu mzima.

Nikirudi kwa wasomaji walioko Riyadh na Jeddah: wengi wenu mnatuma fedha za kuchimba kisima kijijini, na wengine mnatoa kama sadaka ya jariya kwa wazazi waliotangulia. Mchimbaji hutuma picha ya maji yakiruka na video ya watoto wakishangilia. Visima vya pwani, kuanzia Kigamboni hadi Unguja na Mombasa, vinaweza kuwa vitamu mwaka wa kwanza na kuingiwa na bahari mwaka wa tatu, kwa kuwa kila jirani anapampu. Kisima kilichochimbwa hatua ishirini kutoka chooni kinaweza kutoa maji ya kung'aa yenye nitrati kupita miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kisivukwe kwa ajili ya watoto wachanga. Picha haionyeshi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo zuieni fungu la mwisho la malipo mpaka mletewe namba za chumvi, nitrati na floridi zilizopimwa mara mbili, kiangazi na masika, na zimebandikwa ukutani kwenye pampu pale ambapo anayechota anaweza kuzisoma.